Funika Kisahani

Usichemshie moto, alisema Bi Mwanamkuu,
maji yachemke yenyewe, uyaepue, yapoe kidogo,
ndipo utie vijiua. Kisha funika kisahani.
Mimi nilikuwa mkaza mwana wa mwezi wa pili,
nimeshuka kutoka Wundanyi na sanduku moja,
nikaona haya ni madoido ya watu wa Kibokoni:
ua kavu, tena la kupimwa kwa mizani,
na kwetu dawa huchumwa nyuma ya jiko
na umande wake.

Akanipeleka Marikiti, kwa Taherali,
hatua mbili kutoka kwa muuza pilipili;
tukapiga chafya sote watatu kabla ya salamu.
Gunia likafunguliwa.
Vichwa vya manjano, ukosi mweupe uliosinyaa,
vidogo kama vifungo vya shati la mtoto mchanga.
"Nusa."
Nikanusa: tofaa, na majani makavu yaliyoanikwa juani.
"Babunaji isiyonuka ni takataka," akasema Bi,
akagombea bei mpaka shilingi ishirini zikadondoka,
kisha akataka gazeti la kufungia liwe la leo.

Ile ya dukani, ya pakiti, kamomaili,
yenye vifuko na uzi, aliiita vumbi lenye mkia.

Mkebe ulikaa juu ya friji, zamani ulikuwa wa maziwa.
Wifi yangu Khairunisa, siku zake zikimkunja,
kikombe kimoja na chupa ya maji moto tumboni.
Baba mkwe, aliyestaafu Kilindini
lakini masikio yake yangali zamu,
asipopata chake baada ya isha
huamka kuhesabu makontena.
Mafua yakiingia, beseni, na leso ya kujifunika:
"Inama! Fumba mato! Vuta!"
Na mimi, usiku nilioikosa baridi ya Taita
nikakaa ngazini nimeshika tama,
nilisikia kandambili, nikaona kikombe kimewekwa,
nikasikia kandambili zikirudi.
Hakuniuliza.

Nikaamini. Niliamini kupita kiasi, kama wageni wote.

Nasoro alikuwa na miezi saba.
Saa nane za usiku mwili wake ukawa kaango,
kilio kikawa chembamba, kisha kikakoma,
na kukoma kule ndiko kulikonitisha.
Nilibisha mlango wa Bi kwa viganja viwili.
"Mama, mpe babunaji! Mpe ile yako!"
Aliweka mgongo wa mkono kwenye paji la mtoto.
Akamfunua kope. Akabonyeza kucha, akaiachia, akangoja.
Mkebe ulikuwa pale pale, nilimnyooshea mimi.
Akausukuma.
"Huyu si wa kikombe.
Shika kadi yake ya kliniki. Makadara, sasa hivi."

Tuktuk ile haikuwa na taa ya nyuma.
Bi alikaa katikati, buibui juu ya nguo ya kulalia,
akimpepea mtoto kwa ile kadi,
na kila shimo la barabara alilitukana kwa jina la diwani.

Daktari akauliza: Mmempa dawa gani ya nyumbani?
Nilitazama chini, maana nilijua ningempa.
"Hakuna," Bi akajibu. "Dawa yangu naijua inapokoma."

Siku tano. Sindano, dripu,
pua ya mtoto ikirudi kuwa pua na si filimbi.
Tuliporudi Kibokoni aliniketisha jikoni,
akaweka maji, akayaepua, akatia kijiko kimoja.
"Hii sasa ni yako. Wewe ndiye mgonjwa uliyebaki."
Nilitaka kunywa mara moja. Akanipiga kofi la mkono.
"Mpaka kisahani kitoe jasho."

Mwaka huu Nasoro ana mitihani, usingizi umemruka,
na mkebe umepata kutu pembeni.
Taherali ameacha duka kwa bintiye,
ambaye hapunguzi hata shilingi tano.
Bi hayupo wa kumgombeza.
Jana nilimsikia mwanangu jikoni, peke yake,
akizima jiko, akifungua kabati,
kisha ule mlio mdogo,
udongo juu ya udongo.